Ohio nilibeti bila shida, Texas simu inagoma: je, navunja sheria?

"Shikamoo mtaalamu. Nina grini kadi. Nilikuwa Columbus, Ohio, nikibeti kwa simu bila tatizo lolote. Mwaka jana tulihamia Dallas. Programu ileile, akaunti ileile, sasa inaniambia siruhusiwi, na ndani nina dola 640. Mahakama si ilishahalalisha kubeti nchi nzima mwaka 2018? Jamaa wa kazini kanionyesha tovuti nyingine inayokubali Texas, haiombi hata kitambulisho. Huko nina ushindi wa dola 2,100, lakini nikitaka kutoa wanasema nilipe kwanza dola 300 za uhakiki. Rafiki mwingine yuko Shreveport, Louisiana, anasema nimtumie hela aniwekee mkeka kwenye akaunti yake. Kodi sijawahi kuiwaza kwa sababu nyumbani kampuni inakata yenyewe, na isitoshe nikijumlisha mwaka mzima nimeliwa kuliko nilichokula. Mwakani nataka kuomba uraia. Kuna tatizo? Mke wangu hajui haya ya Dallas, na mwezi uliopita niliazima kidogo kwenye hela ya upatu ninayowatunzia wenzangu, ila nilirudisha yote."

Marahaba, ndugu yangu. Wasiwasi wako mkubwa, nikikusoma vizuri, ni kama umeshajiharibia uraia. Kwa maelezo uliyonipa, sioni kwamba mlango umefungwa. Ila una mambo ya kuacha leo hii, na lile la upatu ulilolitaja mwishoni kwa haraka haraka sitaliruka.

Nianze na dola 640, maana hizo ni zako. Kinachozuiwa ukiwa Texas ni kuweka dau. Kutoa salio siyo kubeti. Ingia kwenye akaunti, nenda sehemu ya kutoa pesa, irudishe benki uliyowekea. Kama ulibadilisha benki au anwani baada ya kuhama, wataomba kitambulisho na taarifa ya benki, wape. Huna haja ya kupanda ndege kurudi Columbus.

Sasa hilo la 2018. Wengi wanaamini kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani ilihalalisha kubeti, na si wewe wa kwanza kuniandikia hivyo. Mahakama haikufanya hivyo. Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyojulikana kwa kifupi kama PASPA, ikipigiwa debe na Seneta Bill Bradley wa New Jersey, ambaye kabla ya siasa alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu wa New York Knicks. Sheria ile haikumwambia mwananchi "usibeti". Iliyaambia majimbo: msiruhusu kubeti michezo. Yaliachwa machache yaliyokuwa na utaratibu huo tayari, Nevada ikiwa ndiyo kubwa, pamoja na Delaware, Montana na Oregon. New Jersey, ambayo kasino zake za Atlantic City zilikuwa zikififia, ikaipinga kwa miaka mingi mahakamani. Tarehe 14 Mei 2018, katika kesi ya Murphy dhidi ya chama cha michezo ya vyuo, NCAA, Mahakama ikasema serikali ya shirikisho haina mamlaka ya kuyaamuru mabunge ya majimbo yatunge au yasitunge sheria gani. Jaji Samuel Alito ndiye aliyeandika hukumu. Bunge la Marekani lingeweza kusimamia kubeti lenyewe moja kwa moja. Lisipotaka, kila jimbo lijiamulie.

Kwa hiyo siku ile hakuna aliyepewa ruhusa ya kubeti. Majimbo ndiyo yaliyopewa ruhusa ya kuamua. Delaware ikafungua Juni mwaka uleule, New Jersey siku chache baadaye, na leo majimbo 39 pamoja na mji mkuu, Washington, D.C., yameruhusu kwa namna fulani. Missouri ndiyo ya karibuni: wapiga kura wake waliidhinisha kwa kura chache sana Novemba 2024, na madau yakaanza Desemba 2025.

Hayo maneno "kwa namna fulani" yana uzito wake. Tanzania kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, leseni ni ya taifa, na mkeka uliokubalika Mwanza unakubalika Mtwara. Marekani, ukivuka mto umeingia sheria nyingine. New York huruhusu simu na huichukulia kampuni asilimia 51 ya mapato yake. Nevada huchukua 6.75 tu. Florida biashara yote ya simu iko mikononi mwa kabila la Seminole. Jimbo la Washington huwezi kubeti ukiwa kitandani kwako. Inabidi uwe ndani ya eneo la kasino za makabila ya wenyeji. Sehemu nyingi umri ni miaka 21, lakini Wyoming na New Hampshire ni 18. Utah na Hawaii hazina hata bahati nasibu ya jimbo. California ilipiga kura mbili mwaka 2022, zote zikaanguka vibaya, licha ya mamia ya mamilioni ya dola yaliyomwagwa kwenye matangazo.

Kwa nini basi akaunti yako isikufuate, ilhali leseni yako ya udereva ya Ohio ilikuvusha hadi Dallas bila askari kukuuliza? Kwa sababu majimbo hutambuana leseni za udereva, lakini kubeti kunatazamwa kwa kuuliza mwili wako uko wapi dakika unayobonyeza. Iko sheria ya shirikisho ya mwaka 1961, Wire Act, inayokataza mfanyabiashara wa kamari kusafirisha madau ya michezo kwa njia ya mawasiliano kuvuka mipaka ya majimbo. Ilitungwa kuwakaba majambazi waliokuwa wakiendesha madau kwa simu za mezani, na bado inafanya kazi. Ndiyo maana kampuni yenye leseni hujenga uzio wa kielektroniki kulizunguka jimbo. Kila unapoweka dau, simu huulizwa iko wapi: GPS, mitandao ya Wi-Fi iliyo jirani, namba ya intaneti, na kama kuna programu ya kuficha mahali ulipo. Ukiwa kwenye barabara ya I-20 ukitoka Texas, utaona inakataa, inakataa, kisha umevuka mpaka wa Louisiana na inakubali. Uraia wako, grini kadi yako, anwani yako, havihusiki hapo. Na usijaribu VPN, yaani hizo programu za kuficha mahali ulipo. Zinagunduliwa, akaunti inafungwa, na unakuwa umedanganya kwa maandishi mahali ambapo kumbukumbu hazifutiki.

Texas yenyewe, kwa ufupi: haijaruhusu, na si jambo la kesho. Kamari imefungwa na katiba ya jimbo, hivyo kunahitajika theluthi mbili za mabaraza yote mawili kisha kura ya wananchi. Mwaka 2023 pendekezo lilipita Baraza la Wawakilishi, Seneti ikaliacha life. Mwaka 2025 halikufika popote. Bunge lao hukutana kikao cha kawaida mwaka usiogawanyika kwa mbili tu, kwa hiyo kinachofuata ni Januari 2027.

Tuje kwenye hiyo tovuti isiyoomba kitambulisho. Usilipe hizo dola 300. Nakuomba ulisome tena hilo. Kampuni yenye leseni ikihitaji kukuhakiki hukuomba picha ya kitambulisho. Haikuombi hela ili ikupe hela. Ukilipa 300, itakuja ada nyingine yenye jina zuri zaidi. Hiyo 2,100 unayoiona kwenye kioo ni tarakimu tu mpaka iingie benki, na kwa uzoefu wangu wa kesi za namna hii, haiingii. Piga picha za skrini za salio, mazungumzo na malipo yote uliyowatumia, kisha ripoti FBI kupitia kitengo chao cha uhalifu wa intaneti, IC3. Ukiwa uliwapa namba ya kadi, iambie benki ikubadilishie kadi leo.

Watu huniuliza, "Kama ni haramu mbona iko wazi hivyo?" Kwa sababu iko nje ya nchi, na mkono wa Texas haufiki huko. Sheria ya shirikisho ya 2006 inayozuia malipo kwenda kamari haramu za mtandaoni inamlenga mwendesha biashara. Wewe mchezaji, kwa sheria ya Texas, kosa la kubeti ni dogo, faini yake haizidi dola 500, na sijaona watu wakigongewa mlango kwa mkeka mmoja. Hatari ni kwamba ukidhulumiwa huna pa kwenda. Hakuna kamisheni ya kumlalamikia, hakuna kikomo cha dau, hakuna anayekuuliza unapata wapi fedha. Huenda ulisikia habari za Ippei Mizuhara, mkalimani wa nyota wa besiboli Shohei Ohtani. Alikuwa California, ambako hairuhusiwi, akacheza kwa dalali haramu aliyemkopesha madau bila kikomo. Aliishia kuiba karibu dola milioni 17 za bosi wake, na mwaka 2025 akahukumiwa miezi 57 jela.

Rafiki wa Shreveport? Ana nia njema, lakini mwambie hapana. Masharti ya kampuni zote yanakataza kumwekea mtu mwingine dau. Mkijulikana, akaunti yake inafungwa na salio linashikiliwa, na hapo mtagombana ninyi wawili wala si ninyi na kampuni. Mkeka ukishinda vizuri, fomu ya kodi inatoka kwa jina lake. Akiwazoea ninyi wa Dallas na kuanza kukatia asilimia yake, anaanza kufanana na wakala wa kamari anayepokea madau kutoka jimbo jingine, na ile sheria ya 1961 iliandikwa kwa watu kama hao. Wewe mwenyewe ukiendesha gari hadi Shreveport na kubeti ukiwa huko, ni halali kabisa. Watu wa Texas wamekuwa wakifanya hivyo kwa kasino miaka mingi.

Utakutana pia na programu zinazouza "mikataba" ya matokeo ya mechi, kama Kalshi, na hizo zitakubali ukiwa Dallas. Zinasema ziko chini ya msimamizi wa masoko ya bidhaa wa shirikisho, CFTC, hivyo siyo kamari. Majimbo kadhaa yanasema ni kamari iliyovaa suti. Mahakama zimetofautiana. Mtu anayejiandaa kwa uraia hana sababu ya kwenda kusimama katikati ya ugomvi huo.

Kodi sasa, na hapa ndipo mazoea ya nyumbani yanapotuumiza zaidi. Huko kampuni hukata kodi kabla ushindi haujakufikia, unasahau. Marekani, ushindi wote ni mapato unayotakiwa kuandika kwenye ritani yako ya kodi, uwe umepewa fomu ya W-2G, ile ya kuripoti ushindi wa kamari, au hujapewa. Fomu hiyo hutoka kwa ushindi mkubwa tu. Kutokuwa nayo si msamaha.

Na ile hesabu yako ya "nimeliwa kuliko nilichokula", idara ya kodi ya Marekani, IRS, haiifanyi hivyo. Ushindi unaandikwa mahali pake, hasara mahali pengine. Hasara unaruhusiwa kuitoa tu kama unaorodhesha makato yako moja moja kwenye kiambatisho cha ritani kiitwacho Schedule A, na haiwezi kuzidi ushindi. Watu wengi tunaowaandalia ritani huchukua lile punguzo la kawaida la jumla, kwa sababu ni kubwa kuliko makato yao yote. Chukua mtu aliyeshinda mikeka ya jumla ya dola 8,000 mwaka mzima na kupoteza mikeka ya dola 9,500. Mfukoni amepungukiwa dola 1,500. Akichukua punguzo la kawaida, kwa IRS ameongeza kipato kwa dola 8,000. Inauma, lakini ndivyo ilivyo. Kuanzia mwaka wa kodi 2026 imebana zaidi: sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 inakuruhusu kutoa asilimia 90 tu ya hasara hata ukiorodhesha. Aliyeshinda 10,000 na kupoteza 10,000 atatozwa kodi kwa dola 1,000 ambazo hakuwahi kuzishika.

Kampuni zenye leseni hukupa taarifa ya mwaka inayoonyesha ulichoshinda na kupoteza. Ipakue kwa kila mwaka uliocheza Ohio, kabla akaunti haijafungwa. Kisha mpelekee mhasibu mwenye leseni au wakala aliyesajiliwa IRS, siyo yule jamaa anayejaza ritani za watu wote kanisani au msikitini kwa dola 50. Miaka uliyoruka hurekebishwa kwa fomu 1040-X. Ohio ina kodi yake ya mapato pia. Texas haina, lakini ukienda kushinda Louisiana, Louisiana itakudai kama mgeni.

Uraia. Mimi ni mshauri wa kodi, si wakili wa uhamiaji, hivyo ninachokupa hapa ni ramani ya kumpelekea wakili. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama umewahi kucheza kamari kinyume cha sheria au kupata kipato kutokana nayo. Kubeti kwako Ohio, kwa kampuni yenye leseni, ukiwa umetimiza umri, hakuingii humo. Kubeti ukiwa Texas kwenye ile tovuti kunaweza kuingia. Sheria ya uhamiaji, inapoeleza nani hana mwenendo mwema, inamtaja mtu ambaye kipato chake kikubwa kinatokana na kamari haramu, na aliyehukumiwa makosa mawili au zaidi ya kamari katika kipindi kinachoangaliwa, ambacho kwa kawaida ni miaka mitano, au mitatu kwa anayeomba kupitia ndoa na raia. Kama kipato chako ni mshahara na hujawahi kuhukumiwa, humo moja kwa moja haumo. Ila ofisa ana nafasi ya kupima mambo mengine pia, na kodi zisizolipwa ni mojawapo.

Sheria hiyohiyo, mistari michache chini, inamtaja aliyetoa ushahidi wa uongo ili apate manufaa ya uhamiaji. Mtu anayejibu "hapana" chini ya kiapo akijua jibu ni "ndiyo" amejitengenezea kosa zito kuliko mkeka wenyewe. Kwa hiyo usijaze fomu hiyo peke yako usiku baada ya zamu. Tafuta wakili wa uhamiaji kabla ya kuituma, mweleze yote, pamoja na tovuti. Anachosikia kwako ni siri. Notario au "mtaalamu wa makaratasi" mtaani si wakili, na hana siri ya kukulinda.

Hujaniuliza kuhusu mikeka yenyewe, lakini umeandika "mkeka" wala hukuandika "dau", basi nadhani unapanga mechi nyingi pamoja kama tulivyozoea. Timu mbili zinazolingana, kampuni ya Marekani itakuomba uweke dola 110 ili upate faida ya 100. Maana yake unahitaji kushinda zaidi ya asilimia 52 ili tu usipoteze. Kwa mechi moja moja, kila dola 10 unayoweka inarudi wastani wa 9.55. Ukizifunga mechi nne kwenye mkeka mmoja, zikitokea zote utalipwa kama dola 133 kwa dola 10, na utafurahi, lakini malipo ya haki yangekuwa 160. Kampuni imekata chake mara nne. Kwa muda mrefu kila dola 10 inarudisha 8.30. Mechi nane? Kama 6.90. Ndiyo sababu kila ukifungua programu, kinachokurukia usoni ni mkeka uliokwisha kupangwa, wenye odi nono, na bonasi juu yake. Uhalali wa kampuni maana yake ni kwamba itakulipa ukishinda. Haimaanishi hesabu iko upande wako.

Sasa upatu. Ulirudisha, na nakuamini. Lakini tazama ulivyoiandika: hela ambayo si yako, iliyokuwa mikononi mwako kwa sababu watu wanakuamini, mkeo hajui, na yote yametokea baada ya kuhamia mahali ambapo programu ya kawaida ilikukatalia na wewe ukatafuta njia nyingine. Katika miaka ya kusoma taarifa za benki za watu, nimeona mpangilio huu mara nyingi, na hauanzi na hela nyingi. Unaanza na kuazima na kurudisha. Kurudisha ndiko kunakomfanya mtu aazime tena, safari hii kubwa zaidi. Sikuiti mgonjwa, sina sifa ya kusema hivyo, na huenda ilikuwa mara moja tu. Jiulize mambo mawili: je, ulishawahi kuongeza dau ili urudishe ulichopoteza? Na je, kama jamaa wa upatu wangeitaka hela siku ileile uliyoiazima, ungewaambia nini? Majibu yakikukosesha raha, ongea na mtu aliyesomea hili.

Namba ni 1-800-GAMBLER, ni bure, na unaweza kupiga bila kueleza hali yako ya uhamiaji. Omba mkalimani wa Kiswahili ukihitaji. Dallas kuna mikutano ya ana kwa ana ya Gamblers Anonymous, kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha kamari. Hela ya upatu, mwombe mwenzako mwingine aitunze kwa mzunguko huu. Sababu ya zamu za kazi inatosha, hakuna atakayekuhoji. Mkeo mwambie kabla hamjaketi na mhasibu, kwa sababu kama mnawasilisha ritani pamoja, sahihi yake inakuwa chini ya tarakimu hizo.

Ukiamua kujifungia mlango kabisa, Ohio ina mpango wa hiari wa kujiondoa uitwao Time Out Ohio, na Louisiana ina wa kwake. Kila jimbo unajiandikisha kivyake, kwa sababu ileile ya mipaka niliyokueleza. Tovuti ya nje haitaheshimu orodha yoyote kati ya hizo, kwa hiyo simu na kompyuta yako weka programu ya kuzuia kama Gamban, na nenosiri umpe mkeo.